Riek Daamen na Picha Isiyosogea

Marehemu Hendrika Daamen, ambaye sote tulimwita Riek, hakuwahi kuiacha picha isimame kwenye runinga. Akiingia sebuleni akakuta filamu imesitishwa kwa sababu mtu ameenda kuchemsha kahawa, aliizima. Alizima runinga za majirani, alizima ya kinyozi, alizima ya chumba cha kungojea daktari wa meno. Mjukuu wake Joep alipomwonyesha simu mpya, bibi yake aliipokea, akaitazama kidogo, kisha akailaza kifudifudi mezani. "Picha isiyosogea inauma, mjukuu wangu," alimwambia. "Kioo kina ngozi kama wewe." Joep alicheka, akasema mambo hayo yalikwisha zamani. "Hayakwisha," alisema Riek. "Yalilala tu."

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 hapa hapa mjini kwetu Heezerbroek, kusini mwa Uholanzi, mtoto wa tano wa Piet van Liempd, mchonga viatu vya mbao, na mkewe Cornelia. Walikuwa watoto tisa katika nyumba yenye vyumba vitatu. Runinga ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mwokaji mikate, sanduku kubwa kama kabati la nguo, na katikati yake kioo kidogo kama sahani ya supu. Kila Jumatano alasiri watoto wa mtaa mzima walivua viatu mlangoni wakaketi juu ya magunia ya unga kutazama watu wa rangi ya kijivu wakipita ndani ya sahani hiyo. Baba yake alichungulia siku moja tu. "Sanduku lote hilo kwa kidirisha kile?" alisema, akarudi kazini kwake. Riek yeye alisogeza shavu karibu na kioo, nywele zake zikasimama, na mwokaji akamwambia arudi nyuma kabla hajaingia ndani. Alipenda kusema kwamba aliingia kweli, na hakutoka tena.

Alisoma kwa masista mpaka miaka kumi na minne, kisha shule ya ufundi wa nyumbani, ambako alijifunza kushona, kupiga pasi na kunyamaza. Hilo la tatu, alisema, ndilo pekee aliloshindwa mtihani wake akalifaulu baadaye. Sista Leonie aliandika katika ripoti yake ya mwisho kwamba msichana huyu ana macho ya kuona uzi mweusi usiku. Kwa macho hayo kiwanda cha mirija ya picha ya runinga kilimwajiri mwezi Septemba 1964, akiwa na miaka kumi na sita.

Wakati huo mirija ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuangalia kama ule unga unaong'aa umetandazwa sawa nyuma ya kioo. Miaka mitatu baadaye ikaja rangi. Unga ukawa wa namna tatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, ukiwekwa nukta kwa nukta kupitia bati lenye matundu yasiyohesabika. Riek alihamishiwa chumba cha ukaguzi, chumba cha giza, ambako wanawake waliketi siku nzima mbele ya vioo vilivyowashwa vyeupe wakitafuta nukta iliyokufa. Huko ndiko alikojifunza kwamba mrija ukiachwa na picha moja kwa muda mrefu, unga ule huchoka mahali pale pale, na kivuli cha picha hakitoki tena. Mwanamke aliyesahau kuzima alilipa kwa kuimba wimbo mbele ya wenzake wakati wa mapumziko. Riek aliimba mara moja, mwaka 1968, na hakurudia kosa.

Tarehe 12 Mei 1971 alifunga ndoa na Willem Daamen, Wim, aliyesimamia tanuri la kupozea vioo. Walikutana kwenye karnivali, zile siku za vinyago na msafara kabla ya Kwaresima, Wim akiwa amevaa kama mama mkuu wa watawa na Riek akiwa mlinzi wa treni. Badala ya pete ya uchumba, Wim alimletea kioo cha mbele cha mrija kilichokataliwa na ukaguzi, akadai ni bakuli la saladi. "Nani alikikataa?" aliuliza Riek. "Wewe," akajibu Wim, "lakini mimi usinikatae." Bakuli hilo ndilo lililobeba maua mnayoyaona pale karibu na jeneza.

Wim alikuwa mtu wa utani, na kila mwaka kabla ya Kwaresima alikuwa miongoni mwa wanaojenga magari ya karnivali ghalani kwa Bressers. Kuhusu kazi yake hakuwa na utani. Binti yake alimsikia mara nyingi akieleza mezani: "Kioo kikitoka motoni kiache kipoe polepole. Ukikiharakisha, kinapoa usoni, ndani kinabaki na hasira. Huioni. Kinang'aa kama ndugu zake. Halafu siku moja unakigusa tu."

Vuli ya mwaka 1986 maduka yalitaka runinga nyingi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Mhandisi Ludo Smeekens, mkuu wa idara, aliamuru mkanda wa tanuri uendeshwe kasi zaidi. Wim alimwambia mbele ya watu kwamba vioo havitapoa. "Daamen," alijibiwa, "wewe umeajiriwa kusukuma au kufikiri?" Tarehe 21 Novemba mrija mmoja ulipasuka katika ukumbi wa majaribio. Toos Kuijten, msichana wa miaka kumi na tisa, alipoteza jicho lake la kushoto. Katika taarifa yake Bwana Smeekens alisema kwamba mwendo wa mkanda uliwekwa na Willem Daamen, kwa uzembe wake, bila ruhusa. Wim alifukuzwa kabla ya Krismasi.

Karnivali iliyofuata, mwanamfalme wa karnivali, yule anayechaguliwa kuongoza msafara, alikuwa Bwana Smeekens mwenyewe, na manyoya ya tausi kofiani. Gari la tatu katika msafara lilikuwa runinga kubwa kama nyumba, na kila lilipofika kwenye kona lililipuka karatasi za rangi. Juu yake alilala mwanasesere mwenye kofia ya kulalia, na ubaoni pameandikwa Wim Kishindo. Mbao na lori vilitoka kiwandani. Sote tunajua desturi ya mji huu: ukichekwa, cheka, maana asiyecheka hurudishwa juu ya gari mwaka ujao akiwa mkubwa zaidi. Wim alisimama mbele ya duka la mikate na mkewe na watoto wake, akacheka. Mwanamfalme alipopita akarusha peremende, moja ikaanguka mbele ya kiatu chake. Gari lilipopinda kona, Wim alivua kofia yake ya karnivali, akaikunja kama leso, akaitia mfukoni. Hakurudi ghalani kwa Bressers. Jina la Wim Kishindo lilibaki naye dukani, kanisani na kwenye foleni ya kuomba kazi. Alifariki tarehe 9 Februari 1994. Daktari alisema moyo. Riek alisema karnivali.

Baadhi yenu mliopo hapa mliirusha karatasi ile ya rangi. Riek aliwajua kwa majina, na aliendelea kuwaamkia kila asubuhi. Aliwaamkia kwa majina yenu kamili, na nadhani mlisikia.

Watu walitarajia kwamba angelia, au angehama. Yeye aliendelea na kazi katika chumba cha giza. "Mimi nilipozwa polepole," alisema.

Mwaka huo wa kifo cha Wim, Bwana Smeekens alitimiza miaka ishirini na mitano ya utumishi, na kiwanda kiliamua kumzawadia runinga kubwa kuliko zote zilizopata kutengenezwa hapa, ya kioo kipana. Mrija wake ulikaa kwanza kwenye chumba cha ukaguzi, kwa majaribio marefu. Riek aliandika herufi tatu upande wa chini wa kioo, nyeupe, akaongeza mwanga mpaka mwisho, akaziacha zisimame majuma mengi. Wenzake waliuona ule mrija unawaka kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia aimbe.

Mhandisi alipewa zawadi yake kwa hotuba na mvinyo. Katika filamu na habari za jioni hakuona kitu. Lakini majira ya baridi yakafika, na kila nyumba Heezerbroek huketi kutazama mashindano ya kuteleza barafuni. Barafu ni nyeupe kioo kizima. Chini ya miguu ya watelezaji, mzunguko baada ya mzunguko, kulikuwa na kivuli: WIM.

Mhandisi alimwita Sjaak Bressers, fundi wa runinga, ambaye yupo leo na ataniruhusu nirudie alivyotusimulia.

"Unaona hapo chini ya miguu yao?" aliuliza Bwana Smeekens.

"Naona barafu, bwana."

"Chini ya barafu."

"Chini ya barafu huwa kuna maji."

"Kuna herufi, Bressers."

"Basi nisomee. Miwani nimeiacha garini."

Bwana Smeekens hakusoma. Sjaak alikunywa kahawa yake, akala biskuti ya mama mwenye nyumba, akaondoka akisema runinga ni nzima. Kuirudisha kiwandani kungemlazimu aandike kasoro ni ipi. Kununua nyingine mji wa pili kungejulikana, na mkuu wa idara ya mirija anayekwenda kununua runinga kwa wageni angekuwa gari la kwanza kwenye msafara. Karnivali ile ile iliyomfunga Wim mdomo ilimfunga na yeye. Riek aliliona hilo tangu mwanzo. Alilihesabu kama anavyohesabu mwenye kushona gauni, kabla hajakata kitambaa.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2002. Dunia ilikuwa imechoka na masanduku, ikataka vioo bapa vya kutundika ukutani kama picha. Riek alikwenda kufanya kazi dukani kwa Sjaak. Vioo bapa vya kwanza vilivyofika vilikuwa vya plazma, vyenye gesi inayowaka ndani ya vijumba vidogo sana, na Riek alivikagua kwa kidole na kutabasamu, maana viliungua upesi kuliko hata mirija. Bi Odile Smeekens, mke wa mhandisi, alipokuja kuchagua kimoja mwaka 2005, alihudumiwa kwa heshima zote. "Tutakijaribu kwanza, Bi Odile," alimwambia Riek. "Hatupeleki kitu nyumbani kwako bila kukijaribu." Majira yale ya baridi Sjaak hakuitwa. Ilisikika tu kwamba mhandisi ameacha kutazama mashindano ya barafuni, na watu wakaulizana anaumwa nini.

Kisha vikaja vioo vyenye taa nyuma na kimiminika katikati, kinachofungua na kufunga mwanga kama luva za dirisha. Hivyo haviungui. Unaweza kuacha picha mwezi mzima, ukizima imekwenda. Riek alivijaribu kimoja baada ya kingine, na jioni moja akasema, "Hiki hakikumbuki kitu." Hiyo ndiyo miaka aliyozeeka. Alistaafu, akawa mtu wa bustani na wajukuu, na Bwana Smeekens akarudi kutazama barafu nyeupe isiyo na doa.

Padri Adriaens, ambaye leo ametupa ruhusa ya kusoma haya yote, alimtembelea miaka hiyo.

"Riek, mwanangu, msamehe."

"Nimemfanya nini, baba? Sikumpiga, sikumtukana, sikumshtaki."

"Unajua ulichofanya."

"Nilimwandikia jina tu. Jina la ubatizo, ulilolisoma mwenyewe ukimzika."

Padri aliomba kahawa nyingine.

Mwaka 2015 palifunguliwa makumbusho ya mirija katika jengo la zamani la tanuri. Kwenye ukuta wa historia pameelezwa jinsi sahani ya supu ilivyokuwa kioo kipana, na Bwana Smeekens ametajwa mara sita. Kuhusu mwaka 1986 kuna sentensi moja, kwamba msichana alijeruhiwa kutokana na uzembe wa mfanyakazi wa tanuri. Riek aliisoma akiwa amevaa koti, akalivua, akaomba kazi ya kujitolea. Wakampa kumimina kahawa na kutunza funguo.

Kwa ajili ya ukumbi mpya makumbusho yalinunua skrini ya kisasa, pana kama mlango wa ghala, ambayo haina taa nyuma. Kila nukta inajiwakia yenyewe na kujizima yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni weusi wa kaburi. Kijana aliyekuja kuifunga aliisifu, akasema ina tatizo dogo tu, isiachwe na picha moja muda mrefu. "Kwa nini?" aliuliza Riek, akimwongezea maziwa. "Nukta zinachoka, mama. Kivuli kinabaki." Alipoondoka, Riek alivuta kiti akaketi mbele ya ile skrini kama mtu aliyetembelewa na ndugu kutoka mbali.

Makumbusho hufungwa majira yote ya baridi. Funguo zilikuwa kwake. Mwanamke ambaye hakuacha picha isimame hata kwa kinyozi aliliacha jina moja liwake pale tangu sikukuu ya watakatifu wote mpaka karibu na Pasaka.

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 2023. Meya alikuwepo, na mpiga picha wa gazeti, na mstari mzima wa wanawake wa chumba cha giza waliovaa vizuri isivyo kawaida. Ilionyeshwa filamu. Mwishoni skrini iligeuka nyeupe kabisa, na juu yakatokea maandishi meusi ya kumshukuru Mhandisi L. Smeekens. Chini yake, kikubwa, kutoka ukingo hadi ukingo, kilikuwepo kivuli cha WIM DAAMEN.

"Wim Daamen ni nani?" aliuliza Meya, ambaye ni mgeni hapa.

"Ni mume wa huyo anayekumiminia kahawa," alisema Toos Kuijten kutoka mstari wa pili.

"Ni hitilafu ya mtambo," alisema Bwana Smeekens.

Toos alimgeukia, jicho lake la kioo na jicho lake zima. "Mwaka ule," alisema, "hukusema ni mtambo."

Riek aliendelea kumimina. Walioketi karibu wanasema hakumwaga hata tone.

Halmashauri ya makumbusho ilibadilisha skrini, ikamnyang'anya funguo, na kuahidi kuiangalia upya ile sentensi ya ukutani. Inaiangalia mwaka na nusu sasa. Asubuhi ya leo bado ipo.

Mwezi Juni mwaka huu Riek aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, karibu na dirisha, na alipanga mazishi haya yeye mwenyewe, pamoja na wimbo, mkate na mahali pa kila mtu kuketi. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha binti, Anneke, na mwana, Geert, pamoja na mkewe Marjolein. Wajukuu watatu, Joep, Fenna na Siem. Dada zake wawili, Nel na Dien. Na wenzake wa chumba cha giza, ambao aliagiza watajwe hapa kama jamaa. Baada ya maziko wote mnakaribishwa kahawa na mikate. Kwa matakwa yake haitakuwa katika ukumbi wa kanisa. Itakuwa kwenye makumbusho, mbele ya ule ukuta, na Meya amekubali kuja. Tunamwombea mama yetu pumziko. Amani yeye hakuwa na haraka nayo, na atakapoitaka ataifuata mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Siku mbili kabla mama hajafariki, Bwana Smeekens alikuja nyumbani bila kuitwa, na keki ya cheri kwenye sanduku la karatasi. Aliketi kwenye kiti cha Wim, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na kitanda.

"Ile runinga ya kwanza bado ninayo," alisema. "Iko darini. Odile alitaka itupwe, nikakataa."

"Kwa nini?"

"Ningekuwa namfukuza mara ya pili."

Riek hakumsaidia.

"Mkanda niliuharakisha mimi," alisema. "Yeye alinikataza. Nikasema kinyume."

"Sema tena, bwana mhandisi. Anneke yuko jikoni, hasikii vizuri."

"Haya ni yangu na yako, Riek."

"Yangu na yako yalikwisha. Hayo ni ya Wim."

Akasema tena, kwa sauti, nami nikiwa nimesimama mlangoni na kahawa. Mama alimwuliza kama atakuja kumzika. Akasema mama akitaka, atakuja. "Nataka," alisema mama. "Nitakuwekea kiti mbele." Ndicho hicho anachokikalia sasa, na tunamshukuru kwa kutimiza ahadi.

Juu ya meza ya dawa ilikuwepo skrini ndogo ya mjukuu wake Fenna, na ndani yake picha ya baba yangu na kofia yake ya karnivali, kabla haijakunjwa. Ilikuwa imesimama hapo tangu asubuhi. Nimelelewa na mama yangu, kwa hiyo niliweka kahawa chini nikanyoosha mkono kuizima. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia:

"Iache hapo, Anneke. Mgeni wetu bado hajamaliza kuitazama."